Miaka miwili ya Kampala ina thamani gani Bujumbura?

KILA mwaka wa masomo unapokaribia kufunguliwa mjini Bujumbura, wapo vijana wanaofika kwenye ofisi za usajili wa vyuo wakiwa na bahasha nene kuliko za wenzao. Hawa si wale waliomaliza sekondari juzi. Ni vijana waliokwisha kusoma mwaka mmoja, miwili au hata mitatu katika vyuo vya Tanzania, Uganda, Rwanda, Kenya au Kongo, na sasa wamerudi nyumbani. Swali lao ni moja: wataendelea pale walipoishia, au wataambiwa waanze mwaka wa kwanza?

Kwa mzazi anayevuka mpaka wa Mugina au Kobero na mzigo wake, swali hilo ni la fedha kabla halijawa la elimu. Mwaka mmoja wa chuo ni minervali, ni kodi ya chumba Nyakabiga au Bwiza, ni chakula, ni fotokopi zisizokwisha. Mwaka uliokwisha kulipiwa kwa shilingi ukilazimika kulipiwa tena kwa faranga, ni sawa na kulipa ushuru mara mbili kwa gunia lile lile. Lakini kijana anapoteza zaidi ya fedha, kwani umri wake nao unakwenda.

Tatizo la kuhama chuo si la Burundi peke yake. Nchini Marekani mamilioni ya vijana huanza katika vyuo vya karibu na nyumbani vya miaka miwili, ambavyo ni vya bei nafuu, kisha huhamia chuo kikuu kumalizia shahada. Mwaka 1965 mtafiti mmoja wa huko, John Hills, aliupa jina mshtuko wanaoupata: alama za wanaohama huelekea kushuka katika muhula wa kwanza baada ya kuhama, na wengi wao huzirudisha taratibu baadaye. Ikumbukwe kwamba hao wanahama ndani ya nchi moja, kwa lugha ile ile, na mara nyingi kwa mikataba iliyokwisha kuandikwa kati ya chuo na chuo. Wetu wanahama na kubadilisha nchi, lugha, namna ya kuhesabu alama, na wakati mwingine hata maana ya neno "diploma".

Kabla ya kufika huko, ni vema kujua tunamzungumzia nani, maana neno "waliorejea" limekuwa gunia linalobeba kila kitu.

Kuna watoto na wajukuu wa wakimbizi wa mwaka 1972, waliokulia katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania. Wengi wao, watu wapatao 162,000, walichagua uraia wa Tanzania. Wengine zaidi ya 50,000 walirudi Burundi kuanzia mwaka 2008. Waliorudi walikuwa na watoto waliosoma shule za msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kama Mtanzania yeyote. Kuna waliokimbia vita vya miaka ya 1990 wakaishi kambini hadi kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Hawa walifuata mtaala wa Burundi katika shule za kambini, kwa hiyo Kifaransa chao, hata kama ni cha kubahatisha, kipo.

Kisha likaja kundi la mwaka 2015. Tarehe 30 Aprili mwaka huo kampasi za Chuo Kikuu cha Burundi zilifungwa kutokana na machafuko, na mamia ya wanafunzi wasio na pa kulala walipiga kambi nje ya Ubalozi wa Marekani mjini Bujumbura. Watu zaidi ya 400,000 waliihama nchi katika kipindi kile, na wanafunzi walikuwamo. Waliokwenda Rwanda walikuta chuo kikuu kinachofundisha kwa Kiingereza, na baadhi walisaidiwa kupata ufadhili na taasisi kama Maison Shalom, ambayo nayo ilikuwa imehamia Kigali. Msafara wa kwanza wa waliorudi kwa hiari kutoka kambi ya Mahama uliingia Burundi mwezi Agosti 2020, na kutoka Tanzania misafara ilikuwa imeanza tangu Septemba 2017.

Lipo pia kundi ambalo hakuna anayeliita la wakimbizi: watoto wa wafanyabiashara. Mzazi aliyeuza vitenge, mawese au ndagala aliona fahari kumpeleka mwanawe Kampala au Nairobi akapate Kiingereza. Kisha faranga ikaanguka. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ilipoishusha thamani rasmi, dola iliyokuwa ikihesabiwa kwa faranga kama 2,080 iliruka hadi zaidi ya 2,800, na barabarani ilikuwa juu zaidi ya hapo. Januari 2024 mpaka na Rwanda ukafungwa, na njia ya basi ya Kampala kupitia Kigali ikakatika. Wazazi waliokuwa wakituma karo kila muhula walijikuta wakipiga hesabu upya, na vijana wakaitwa nyumbani kabla ya kuhitimu.

Sasa turudi kwenye bahasha. Mtu wa mpakani hahitaji kufundishwa kwamba noti mia za upande huu si noti mia za upande ule. Vyuo navyo vina sarafu yake, inayoitwa krediti, na watu wengi hawajui kwamba nayo ina kiwango cha kubadilishia. Nchini Tanzania mwaka mmoja wa chuo kikuu huhesabiwa kuwa krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Burundi, tangu ilipoingia katika mfumo wa BMD kwa sheria ya mwaka 2011, inahesabu krediti 60 kwa mwaka na 180 kwa miaka mitatu. Kazi ni ile ile, kipimo ndicho tofauti. Kijana mwenye krediti 240 za Dar es Salaam asijidanganye kwamba amekwisha kuipita shahada ya Bujumbura. Ana miaka miwili. Na karani naye asione namba kubwa akadhani karatasi ni ya kughushi.

Hatari zaidi iko kwenye alama. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Nairobi, mwanafunzi aliyepata 45 kwa mia amefaulu somo, ingawa kwa daraja la chini, kwa kuwa mstari wa kufaulu ni 40. Bujumbura somo hupimwa kwa 20, na kwa desturi kufaulu ni 10, yaani nusu. Ile 45 ikiletwa huku ni 9 kwa 20: imeanguka. Basi kijana anaweza kuvuka mpaka akiwa hana deni la somo hata moja, akafika mezani na kukuta ana masomo matatu aliyoshindwa, ilhali hakuna mtihani alioufanya njiani. Kwa upande mwingine, aliyepata 70 huko ana A safi, na huku ni 14 kwa 20, alama inayoheshimiwa. Ndiyo maana wenye alama za juu huvuka salama na wale wa katikati ndio wanaoumia. Wanaotoka Makerere wana nafuu hapa, kwani huko nako mstari ni 50.

Halafu kuna maneno yenyewe. "Diploma" kwa Mtanzania ni stashahada, cheti cha chuo kilicho chini ya shahada. Kwa Mrundi, "diplome" ni cheti chochote kikubwa, na kile kinachoitwa diplome ya serikali ni cha sekondari. "Kolegi" kwa aliyesoma Kiingereza ni chuo, lakini kwa aliyesoma Kifaransa ni shule ya sekondari. "Bakaloreati" kwa Mfaransa ni mtihani wa kumaliza sekondari; Burundi, chini ya BMD, ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Na "lisansi", ambayo kwa mfanyabiashara ni karatasi ya kuhalalisha duka lake, ilikuwa kwa miaka mingi ndilo jina la shahada ya Chuo Kikuu cha Burundi. Wanaocheka wacheke, lakini maneno haya yamo kwenye vyeti, na karani anayeyasoma harakaharaka anaweza kumshusha mtu ngazi nzima.

Anayebanwa zaidi na jambo hili ni kijana aliyesoma Tanzania hadi kidato cha nne, kisha akaingia chuo cha kati na kupata stashahada ya miaka miwili au mitatu. Kwao Tanzania njia hiyo inajulikana: ukiwa na stashahada yenye alama nzuri unaweza kuomba chuo kikuu bila kupitia kidato cha sita. Burundi haikujengwa kwa njia hiyo. Mlango wake mkuu ni cheti cha serikali cha sekondari, kinachopatikana sasa baada ya miaka 9 ya shule ya msingi na 3 ya juu yake, jumla 12. Kijana wetu kwa utaratibu alioupitia amesoma miaka 7 na 4, jumla 11, halafu 2 ya chuo. Ana miaka 13 darasani, mmoja zaidi ya Mrundi aliyebaki nyumbani, na bado anaweza kuulizwa: cheti chako cha sekondari kamili kiko wapi? Hajakosa elimu hata kidogo. Anachokosa ni karatasi yenye jina linalotakiwa.

Anayeamua haya yote si msajili wa chuo peke yake. Iko tume chini ya wizara inayohusika na elimu, ambayo kazi yake ni kulinganisha vyeti vya nje na vya ndani. Mitaani watu husema "kutafuta ekivalansi". Inahitaji cheti, karatasi ya alama ya kila mwaka, na kwa vilivyo kwa Kiingereza au Kiswahili ni busara kuwa na tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa. Hapa ndipo waliorejea kwa misafara hukwama. Ile fomu ya kurejea kwa hiari waliyopewa kambini inathibitisha kwamba wamerudi. Haithibitishi kwamba wamesoma. Wengi wamewahi kuitoa mbele ya dirisha la chuo wakidhani itawafungulia njia.

Tukisoma maandishi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mambo haya yalipaswa kuwa yamekwisha. Burundi ni mwanachama tangu mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, ina kifungu cha 11 kinachozitaka nchi zitambuliane vyeti. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, lina mwongozo wa pamoja wa ngazi za elimu ya juu tangu mwaka 2015, na Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza jijini Dar es Salaam kwamba ukanda huu ni eneo moja la elimu ya juu. Maneno mazuri. Lakini mfanyabiashara wa Kobero anajua umbali uliopo kati ya tangazo la Arusha na mlango wa forodha, na mwanafunzi naye anajifunza umbali huo kwenye korido ya chuo. Kwa maoni yetu kasoro kubwa si kukosekana kwa mwongozo. Kasoro ni kwamba mwenye kukaa dirishani hana jedwali moja, la ukurasa mmoja, linalomwambia krediti 120 za huko ni 60 za hapa na C ya huko ni kitu gani hapa. Jedwali hilo halihitaji mkutano wa marais.

Tuseme kijana amevuka, amepokelewa mwaka wa pili. Ndipo lugha inapomkaba. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964 kikiwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, kimefundisha kwa Kifaransa tangu siku hiyo. Mwanafunzi aliyetoka Kampala anajua uchumi, anajua hesabu, lakini profesa anaposoma maelezo kwa kasi ukumbini yeye anashika nusu. Anarudi chumbani kutafuta neno moja moja. Wenzake wa mwaka huo tayari wanazo silabasi za mwaka wa kwanza, wanajua mwalimu yupi hurudia maswali na yupi hupenda maelezo marefu. Yeye hana historia hiyo. Katika vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kiingereza, kazi za darasani hubeba theluthi moja au zaidi ya alama, na mwanafunzi mwenye bidii huweza kujikusanyia akiba kabla ya mtihani. Hapa kwa kawaida uzito uko kwenye mtihani wa mwisho, na mtihani wenyewe ni wa kuandika kwa Kifaransa kilichonyooka. Akianguka, kuna kikao cha pili cha mitihani, na baadhi huona aibu kukifanya wakidhani ni cha wajinga. Si cha wajinga. Kwa aliyehama lugha katikati ya safari, kikao cha pili ni sehemu ya hesabu.

Ni makosa kudhani kwamba vijana wote waliorejea wana tatizo moja la lugha. Aliyesoma kambini Nyarugusu au Nduta amefuata mtaala wa Burundi na Kifaransa amekiona. Kinachompungukia ni vitabu, maabara na mazoea ya kompyuta. Aliyekulia Ulyankulu anaweza kuwa dhaifu hata kwa Kirundi cha kuandika, na wenzake wakamwita "Mtanzania" kwa utani ambao baada ya mwezi si utani tena. Aliyetoka Kigali ana Kiingereza na Kirundi, lakini baadhi ya watu humtazama kwa jicho la siasa kuliko la masomo. Ofisi inayowaweka wote katika darasa moja la "kuimarisha Kifaransa", kama lipo, inatibu magonjwa matatu kwa kidonge kimoja.

Kuna wanaokwepa kikwazo hiki kwa kuchagua chuo. Hope Africa University, kilichohamia Bujumbura kutoka Nairobi mwaka 2003, kimejitangaza kuwa cha lugha mbili, Kiingereza na Kifaransa, na si ajabu kwamba familia nyingi zilizorudi zimekitazama kama daraja. Vyuo vingine binafsi vilivyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kama Ngozi, Lumière na Ziwa Tanganyika, vilipanua nafasi. Lakini huko unalipa. Na katika chuo cha umma nako ile bahashishi ya zamani haipo tena kama ilivyokuwa: mwaka 2017 serikali iligeuza posho ya wanafunzi kuwa mkopo wa kurejeshwa, uamuzi uliozua mgomo na kukamatwa kwa viongozi wa wanafunzi. Anayehamia mwaka wa pili au wa tatu aulize mapema kama anahesabiwa miongoni mwa wanaostahili mkopo huo, kabla hajalipia chumba.

Jambo linalotupa moyo limo katika vyumba vya Nyakabiga na vibaraza vya Buyenzi, ambako Kiswahili hakijawahi kuwa kigeni. Wanafunzi wenyewe wameanzisha biashara ya kubadilishana. Aliyebaki nyumbani ana Kifaransa na silabasi. Kiingereza kinamtoa jasho, ingawa ni lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2014 na ndicho anachoulizwa akitafuta kazi katika mashirika ya kanda. Aliyerudi ana Kiingereza na Kiswahili cha sokoni Dar es Salaam. Anachokosa ni Kifaransa. Wanakaa wawili wawili, huyu akimsomea yule maelezo ya jana na yule akimrekebishia huyu barua ya kuomba kazi. Tunaamini kazi hii inafanya zaidi ya semina nyingi zenye mabango. Chuo kingeweza kuitambua kwa gharama ndogo tu, kwa kutoa chumba chenye taa jioni na orodha ya wanaojitolea.

Mzazi ambaye mwanawe bado yuko nje ana la kufanya leo. Karatasi ya alama ichukuliwe kila mwisho wa mwaka, ikiwa na muhuri, isisubiriwe hadi mwisho wa masomo. Ichukuliwe pia orodha ya masomo yenye maelezo ya kila somo na saa zake, kwani ndiyo inayomwezesha mkuu wa kitivo kuona kama "Business Law" ya Kampala imegusa yale yaliyomo katika sheria ya biashara ya Bujumbura. Na kama mwana ana deni la karo huko alikotoka, lilipwe kabla ya kuhama, maana vyuo vingi havitoi karatasi kwa mdaiwa, na kumrudisha mtu Kampala kwa ajili ya muhuri mmoja kunagharimu kuliko deni lenyewe.

Wapo wasioweza kufuata ushauri huo. Februari 2025, baada ya kundi la M23 kuiteka Bukavu, makumi ya maelfu ya watu walivuka Rusizi kuingia Burundi, wengi wakifikia kwanza katika uwanja wa Rugombo, mkoani Cibitoke wakati ule. Miongoni mwao kulikuwa na Warundi waliokuwa wakisoma huko na Wakongo waliokuwa wamebakiza muhula mmoja. Kongo nayo ilianza kuhamia mfumo wa LMD katika mwaka wa masomo wa 2021-2022, kwa hiyo krediti zao na zetu ni za kipimo kimoja, na lugha ni Kifaransa hiki hiki. Kwa hesabu zote tulizozieleza hapo juu, hao ndio ambao wangepokelewa kwa urahisi kuliko wote. Lakini walivuka mto bila bahasha, na ofisi iliyotia muhuri kwenye alama zao iko upande wa pili wa vita. Swali ni ushahidi gani tume ya ekivalansi inaweza kuukubali badala ya karatasi hizo, kama ni mtihani wa kumpima mtu, maneno ya mwalimu wake aliyevuka naye, au picha ya alama iliyobaki ndani ya simu.